Siku ya fizikia ya bure Tanga: watoto usiwawaze, wawaze waliowaleta

Niseme mapema ili usifike katikati ndo ukashangaa naelekea wapi. Ukiandaa siku ya sayansi ya familia, ile ya bure kabisa, mtoto usimuwaze. Mtoto ukimpa sumaku tu umemmaliza. Wa kumuwaza ni yule aliyemleta, mama, baba, bibi, shangazi, maana huyo ndo anayekwambia pale getini "mi nimemsindikiza tu mwalimu" afu anatafuta benchi lenye kivuli anakaa na simu mpaka mwisho, na jioni mtoto akimuuliza nyumbani ile sumaku kwanini ilishuka polepole kwenye bomba, anaambiwa kamuulize mwalimu wako, kwisha habari.

Mi nafundisha fizikia sekondari hapahapa Tanga. Chuo nilisoma Dar, na idara yetu ya fizikia ilikuwa na kautaratibu ka kufungua milango siku moja, familia zinaingia bure, maabara ziko wazi, walimu wakubwa wakubwa ambao sisi tulikuwa tunawaogopa wanasimama nyuma ya meza na kumbembeleza mtoto wa darasa la tatu ashike waya. Sisi wanafunzi tulikuwa wabeba meza. Nilivyorudi huku, mimi na wenzangu wachache tuliosoma pale tukaanza kuisumbua idara, kwanini nyie kila siku Dar, watu wa Tanga hawana watoto? Walivyokubali tukagawana kazi: wao vifaa, walimu wawili na wanafunzi kadhaa, sisi wenyeji uwanja wa shule, turubai, viti, jenereta na maji ya kunywa. Bure kwa anayeingia ni gharama kwa mtu mwingine, hilo naliacha hapo maana nikianza kulisema sitamaliza.

Kwanza kabisa kuhusu hilo neno BURE kwenye tangazo. Tulipita Ngamiani na bajaji ya spika, barabara kwa barabara, na swali lilikuwa lilelile kila kona: "Bure, afu mwisho mnauza nini?" Na wana haki aisee. Watu wameshaitwa kupimwa afya bure wakaishia kuuziwa makopo ya dawa, wameshaitwa semina ya bure wakaishia kuambiwa walete watu watatu chini yao. Kwahiyo bure ikiandikwa kubwa sana inaogopesha. Kilichotusaidia ni kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa ustadhi wa madrasa, kwa mzee wa kanisa, tukakaa tukaeleza nani anakuja, kitaonyeshwa nini, na kwamba hakuna fomu ya kujaza wala namba ya simu itakayochukuliwa. Wao ndo wakatutangazia. Na wao hao ndo walitunusuru na ratiba, maana wageni wetu wa Dar walitaka kuanza Jumamosi saa mbili asubuhi, wakati saa mbili ya Jumamosi nusu ya watoto wa mtaa wako madrasa. Tukaanza saa nne.

Basi saa nne watoto wakaingia wote kwa pamoja, na wazazi wakaenda kwenye mabenchi wote kwa pamoja. Nikasema haya, ndo yaleyale.

Nilimfata mama mmoja nikamwambia shikamoo mama, karibu mezani. Akaniambia "marahaba mwanangu, mi fizikia niliiacha form two, nilichapwa sana kwa ajili ya formula". Alisema anacheka lakini sio cheko la kufurahi. Na ukiangalia ukweli wa shule zetu, mtu akifika kidato cha tatu anaruhusiwa kuiacha fizikia, na wengi sana wanaiacha wakiwa na miaka 15 au 16 hivi wakiwa wameshaamini wao ni wajinga wa hilo somo, na wanatembea na hiyo imani mpaka wanazaa. Afu sisi tunakuja na turubai tunategemea mtu huyo asimame mbele ya mwanawe na mbele ya majirani aulizwe swali la fizikia na mtoto wa chuo mwenye miwani. Nani atakubali? Hata mimi nisingekubali.

Mmoja wa walimu wa chuo, mama mtu mzima ambaye ameshafanya hizi siku nyingi kuliko sisi wote, ndo aliyetufundisha dawa. Usimuulize mzazi swali. Mpe kazi. Alimwendea yuleyule mama wa benchi akamwambia "dada nisaidie kidogo, simu yako ina saa ya kuhesabu sekunde? Hawa wanafunzi wangu hawana mikono ya kutosha". Huyo akanyanyuka! Akasimama kwenye meza ya bomba la shaba, lile la mafundi wa AC, akawa mpima muda rasmi. Kipande cha chuma cha kawaida ukikidondosha ndani ya bomba hata hujamaliza kubonyeza kimeshatoka chini. Sumaku yenye uzito uleule inashuka taratibu kama inashushwa na kamba. Akapima, akapima tena, akasema hapana, hapo kuna kitu, shaba haishiki sumaku. Akaichukua sumaku mwenyewe akaibandika kwenye bomba kwa nje, haishiki kweli. Hapo hakuna aliyemuuliza chochote, swali limetoka kwake mwenyewe, na ndo mwanafunzi akamueleza kwamba sumaku ikipita inaamsha umeme unaozunguka ndani ya ukuta wa bomba, na huo umeme nao unageuka kuwa sumaku inayoipinga ile inayoshuka. Mzee mmoja aliyekuwa anasikilizia pembeni akadakia, kumbe aliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa Hale, akasema "sasa hiyo si ndo ileile ya Hale? Kule maji ya mto Pangani yanazungusha sumaku kwenye koili". Ndo yenyewe mzee wangu. Hale ina megawati 21 tangu 1964, na ile ya New Pangani Falls ya 1995 ina 68, na zote kazi yake ni hiyo ya bomba la shaba, tofauti ni kwamba pale tunaipigia makofi na kule tunailipia luku.

Kuanzia hapo tukabadilisha mbinu meza zote. Kila mwanafunzi akaambiwa marufuku kuanza na maelezo, anza kwa kumpa mzazi kitu cha kushika, kamba, saa, tochi, mwavuli, chochote. Yale mabango makubwa ya formula tuliyoletewa, mazuri, ya rangi, yamechapishwa kwa hela, tukayakunja. Yalikuwa yanasimamisha watu mita tano nyuma.

Meza ya baiskeli sasa. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji ushahidi, simama barabara yoyote saa moja asubuhi uone. Lile zoezi la vyuo vyote la gurudumu na kiti cha kuzunguka lilikuwepo: unakaa kwenye kiti cha ofisi, unapewa ringi ya baiskeli yenye vishikio pande mbili za ekseli, mtu analizungusha kwa nguvu, afu unaambiwa ulilaze. Ukililaza, kiti chenyewe na wewe juu yake kinaanza kuzunguka bila mtu kukigusa. Ukilipindua upande wa pili unazunguka kinyume. Watoto walikuwa wanapiga kelele mpaka mwenyekiti wa mtaa akaja kuangalia kuna nini.

Sasa kuna fundi baiskeli alikuja na mjukuu wake, mzee kanzu imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi, alikaa nyuma kabisa. Kijana wa chuo anaeleza mambo ya mzunguko unatunzwa, haupotei, gurudumu likibadili uelekeo kitu kingine lazima kilipe, fundi akamkatiza kwa upole kabisa: "mwanangu, hilo gurudumu lako lina bembea, spoku za upande huu zimelegea, ndo maana mtoto mwembamba unamtikisa". Akalichukua, akaomba spana ya spoku, hamna, akamtuma mjukuu nyumbani. Alivyolinyoosha, kiti kikazunguka laini na kwa muda mrefu zaidi, kila mtu kaona. Afu akaanza yeye kueleza kwanini mtu anaweza kuachia mikono baiskeli ikiwa kwenye mwendo na hawezi ikiwa imesimama. Yule kijana wa chuo akamwambia ukweli, kwamba mzunguko wa gurudumu unachangia lakini hauelezi yote, kuna na ule mwinamo wa foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na mahali tairi la mbele linapogusa chini, na wataalamu wametengeneza baiskeli iliyoondolewa nguvu hiyo ya mzunguko na bado ikajisimamia yenyewe ikiwa kwenye mwendo. Fundi akasema "foko, enhe, foko ikipigwa ikarudi nyuma baiskeli inakuwa kichaa, hilo najua". Walibishana karibu saa nzima. Mi nilikuwa napita na maji nasikiliza vipande, na niseme tu hayo mabishano yalikuwa na fizikia nyingi kuliko kipindi changu chochote cha juma lile.

Ya naitrojeni nitapita haraka. Tuliipata kwa watu wa mifugo wanaofanya uhamilishaji, wao hutumia naitrojeni ya kimiminika kutunzia mbegu za madume, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tuliifanyia nje kwenye upepo, miwani, glavu, kamba ya kuzuia watu. Ua linavunjika kama kioo, puto linasinyaa afu linavimba tena, ndizi inapigilia msumari. Simu zote juu, watu wanarekodi kwa ajili ya status. Ni nzuri kwa kuita watu, siikatai, lakini ndo meza pekee ambayo hakuna aliyeuliza kitu. Wakishangaa wanaondoka. Mwakani ikikosekana sitalia.

Meza iliyowaamsha wakina mama ilikuwa ya barafu, na hii ilitakiwa iwe Tanga na sio kwingine. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, mkoa huuhuu, anaitwa Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake shuleni. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe ndo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ikawa inaisha, yeye akaona isiwe shida, akaweka yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa wewe. Hakuacha. Alivyofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza fizikia, Dk. Denis Osborne, Mpemba akanyoosha mkono akauliza palepale mbele ya wote, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alienda akajaribisha, na 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education. Leo dunia nzima ukisema Mpemba kwenye fizikia wanajua unasema nini.

Tukaeleza hivyo, tukaweka chupa mbili zinazofanana kwenye friza la shule, moja maji ya moto moja ya kawaida, ujazo uleule. Hapo hapo akatokea mama anayeuza barafu za ubuyu, akasema yeye siku zote anaweka ya moto, zinawahi. Mwenzake, naye muuza barafu, akamwambia muongo, unaharibu friji na umeme unaukula bure. Jamani! Wakaungana kambi mbili. Wa kwanza anasema friji lake lina theluji nene kwenye sakafu, ukiweka kifuko cha moto kinayeyusha ile theluji kinalala vizuri kwenye chuma. Mwalimu wa chuo akaacha anachofanya akaja mbio, kwasababu hiyo ni moja ya sababu ambazo wanasayansi wenyewe wanazitaja, theluji ni kizuizi cha baridi, ikiyeyuka chombo kinagusa ubaridi moja kwa moja. Nyingine ni kwamba maji ya moto yanapoteza kiasi kwa mvuke, na yanajizungusha zaidi ndani ya chombo, na hewa iliyoyeyuka ndani yake imepungua. Na wapo wanasayansi waliopima kwa makini miaka ya karibuni wakasema hawaioni kabisa hiyo tofauti. Mjadala haujafungwa.

Friza letu lilivyofunguliwa, ya baridi ndo iliyoganda kwanza. Wanafunzi wa chuo nyuso zikawashuka, wakaona tumeaibika mbele za watu, yaani tumesimulia Mpemba saa nzima afu chupa inatukataa. Mi nikaona ndo bora ingekuwa hivyo. Maana kambi ya pili ikashangilia, kambi ya kwanza ikasema friza lenu halina theluji ndo maana, mmoja akasema ujazo wa chupa ni mkubwa sana jaribuni vifuko, mwingine akauliza yale yalikuwa maji na Mpemba alitumia maziwa yenye sukari, sasa mnalinganisha nini? Hebu niambie hilo sio swali la mtahini. Nimefundisha kupanga jaribio miaka yote kwa chaki na sijawahi kuulizwa hivyo na darasa.

Kidogo kabla ya adhuhuri tukawaita watu wote katikati ya uwanja. Tulichagua mwanzoni mwa Oktoba makusudi. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta, kwahiyo jua linapita juu ya utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Tukasimika fimbo iliyonyooka, tukaweka chupa na ndoo, tukawaambia watoto wakae macho na vivuli. Vikapungua, vikapungua, na saa sita na kama dakika kumi na mbili fimbo ikawa haina kivuli, ndoo haina, watoto wanajiangalia miguuni wanakitafuta cha kwao.

Mwanafunzi mmoja akaanza kueleza, na niliona wazee wanatazamana. Yule ustadhi akasema kwa sauti ya chini "mjukuu wangu, hiyo jua kuwa utosini sisi ndo tunaita zawali". Tukampa nafasi. Akaeleza kwamba adhuhuri inaingia jua likishapinduka tu kutoka hapo juu, kivuli kinapoanza kutoka upande wa pili, na kwamba alasiri inaingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli kilichobaki wakati wa zawali, na leo hakuna cha kuondoa, ni sifuri. Na kabla ya hizi saa na kalenda za ukutani waadhini walikuwa wanakwenda kwa fimbo. Wazee wengine wakaanza kuongezea, mvuvi mmoja akahamia kwenye mwezi na bamvua, kwanini mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanajaa sana na kukupwa sana na katikati yake yanakuwa mafu, yeye anajua siku, mwalimu wa chuo anajua kwamba ni jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, wakakamilishana. Watu waliokuwa mabenchini tangu saa nne wote walikuwa wamesimama juani.

Mtoto wa kike wa kama darasa la tano ndo aliyeuliza kwanini imekuwa saa sita na kumi na mbili na sio saa sita kamili. Ni kwamba saa zetu za Afrika Mashariki zinafata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu, na Tanga iko kwenye 39 hivi. Kila uzi mmoja ni dakika nne, kwahiyo jua linatufikia sisi dakika kama 24 baada ya wao, afu Oktoba mwendo wa dunia wenyewe kulizunguka jua unaturudishia kama dakika 12. Mama yake ndo aliyempigia hesabu kwenye mchanga, sita mara nne, toa kumi na mbili. Mama mwenyewe ni yule wa form two.

Adhana ikalia tukasimama, tukarudi baadae tukaendelea hadi alasiri.

Kwa atakayetaka kufanya kwake, niongeze ya kawaida tu. Viti viwe kwenye meza za majaribio, sio pembeni, mtu akikaa awe ameshakaa kwenye fizikia. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani. Wanafunzi wa chuo wakija wapitishwe kwanza mtaani siku moja kabla, wanywe chai kwa watu, waache kuongea kama wako ukumbini. Na usiwapige picha wazazi wakiwa wanajaribu mambo, wengine wanakimbia palepale.

Mwakani fundi baiskeli ameshasema anataka meza yake mwenyewe na hataki kijana wa kumsaidia kueleza. Tumekubali. Nimemwambia atafute na kiti kingine, maana kile cha ofisi mguu mmoja umeanza kucheza, akasema hicho nacho akiletewa atakitengeneza.